Kambale, sato au zebrafishi: samaki yupi kwa mradi wa vimeng'enya vya kiinitete ukiwa Mbeya, Njombe au Kyela

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho, wanafunzi wa baiolojia wa huku Nyanda za Juu Kusini huja na swali likiwa kichwa chini miguu juu: "Mwalimu, nitumie samaki gani?" Anza na kimeng'enya. Ukishajua kimeng'enya unachotaka kukifuatilia, na saa kinapofanya kazi tangu yai lirutubishwe, nusu ya uamuzi imekwisha. Nusu iliyobaki ni joto la maji unaloweza kulishikilia hapo ulipo usiku kucha bila kushuka.

Nalinganisha samaki watatu wanaopatikana bila miujiza: kambale (Clarias gariepinus), sato (Oreochromis niloticus) na zebrafishi (Danio rerio), yule mdogo mwenye mistari anayejaa kwenye vitabu vyote vya embriolojia. Trauti nitamgusa kwa ajili ya watu wa Makete. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa miradi mingi ya huku kambale anamshinda zebrafishi, na sato, anayekimbiliwa na wengi kwa sababu yupo kwenye bwawa la jirani, ndiye chaguo baya kuliko wote kwa saa za mwanzo.

Kimeng'enya kwanza

Vimeng'enya vya kupitisha ishara ni vya aina nyingi, lakini wakubwa wao ni kinasi. Kazi ya kinasi ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Ni kama muhuri wa serikali ya mtaa: barua haijabadilika hata neno, ila ikishagongwa, milango inafunguka. Fosfatasi ndiye anayeufuta huo muhuri. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na zile zinazohusika na ukuaji wa kiinitete samaki naye anazo.

Kwa nini saa za mwanzo ni zao? Kwa sababu kiinitete kichanga hakijaanza kutumia jeni zake. Kwa zebrafishi, jeni za kiinitete huamka kwa wingi karibu na saa ya 3, kikiwa na seli kama 1,000. Kabla ya hapo kinaishi kwa akiba ya mama, yaani protini na RNA alizoziweka ndani ya yai. Seli zinagawanyika kila baada ya dakika 15 hivi, na muda wa kutengeneza kitu kipya haupo. Kinachowezekana ni kuwasha na kuzima protini zilizokwishakuwepo, na hapo ndipo kinasi zinapotawala.

Kwa mradi wa shahada ya kwanza naona vimeng'enya vinne vya kuchagua, na havilingani hata kidogo kwa ugumu.

Cha kwanza, Fyn, hufanya kazi dakika ileile ya urutubishaji. Mwaka 1977 Ridgway, Gilkey na Jaffe walidunga ekuorini, protini ya yavuyavu inayotoa mwanga ikikutana na kalsiamu, ndani ya yai la medaka, samaki mdogo wa Japani. Walipima mlipuko wa kalsiamu yai linapoamka. Kwa zebrafishi ilionekana baadaye kwamba kinasi iitwayo Fyn ni mmoja wa wanaoanzisha mlipuko huo: inaamsha fosfolipasi C, nayo inatoa ujumbe wa kufungua maghala ya kalsiamu ndani ya yai. Ni mada nzuri sana kuisoma. Kuifanya ni jambo lingine, kwa sababu bila hadubini ya mwanga wa floresensi na rangi za kalsiamu utabaki kutazama ganda la yai likiinuka, na hilo kwa zebrafishi huinuka likigusa maji tu, hata pasipo mbegu ya dume. Mwanafunzi asiyelijua hilo huandika kwamba mayai yake yote yamerutubishwa. Kama chuo chako hakina floresensi, iruke.

Cha pili ni kinasi iitwayo GSK-3, na hapa nitakaa, maana ndicho ninachokipendekeza kuliko vyote.

GSK-3 inafanya kazi kinyume na matarajio ya wengi. Muda wote inaigonga muhuri protini iitwayo beta-katenini, na muhuri huo ni hukumu ya kifo: beta-katenini iliyogongwa hupelekwa kuvunjwavunjwa. Upande mmoja wa kiinitete, ule utakaokuwa mgongo, uvunjaji huo huzuiwa. Beta-katenini hujikusanya, huingia kwenye viini vya seli, na jeni zikiamka upande ule hupokea amri ya kutengeneza mgongo. Kwa hiyo kimeng'enya kinaamua umbo la mwili pale kinapozuiwa, na upande kinapoendelea na kazi kama kawaida hubaki wa tumbo.

Lithiamu huzuia GSK-3. Klein na Melton walilionyesha hilo mwaka 1996, lakini wanabaiolojia walikuwa wakichezea viinitete kwa chumvi ya lithiamu miaka mingi kabla ya kujua inafanya nini. Mwaka 1993 Stachel na wenzake waliwaweka viinitete vya zebrafishi kwenye lithiamu kloridi kwa dakika chache tu, kabla ya jeni kuamka. Matokeo: mgongo ulienea pande zote. Unapata kiinitete chenye kichwa kikubwa na kiwiliwili kidogo, na vilivyoathirika zaidi havina mkia kabisa. Ukiweka lithiamu kwa kuchelewa, seli zikikaribia kuanza safari zao za kujipanga, matokeo yanageuka: sehemu ya mbele ya kichwa inapungua na macho yanakuwa madogo au hayapo. Kemikali ni ileile na kimeng'enya ni kilekile. Saa chache tu za tofauti zinakupa mwili uliokosea upande mwingine kabisa. Sijui mada nyingine inayomwonyesha mwanafunzi kwa macho yake, kwa hadubini ya kawaida ya maabara ya sekondari, kwamba kimeng'enya hakina maana moja bali maana yake hutegemea wakati.

Na ni rahisi. Mmumunyo wa nguvu ya mola 0.3 ni gramu 1.27 za lithiamu kloridi ndani ya mililita 100 za maji. Weka kwa dakika 10, suuza mara tatu, subiri kesho. Usisahau kundi la pili lenye chumvi ya kawaida ya nguvu ileile, yaani gramu 1.75 kwa mililita 100. Bila hilo msahihishaji atakuuliza kama si ukali wa chumvi tu ulioharibu viinitete, na hutakuwa na jibu.

Cha tatu ni ERK, kinasi ya mwisho wa mnyororo mrefu wa protini: FGF, protini ya ishara ya ukuaji, hugusa kipokezi chake, kipokezi huamsha Ras, Ras huamsha Raf, Raf huigonga MEK, MEK huigonga ERK. Kinachoipendeza mada hii ni usafi wake. MEK karibu haina kazi nyingine zaidi ya kuigonga ERK, kwa hiyo ukiweka kizuizi cha MEK, kama U0126, unajua umegusa nini. Lithiamu haina usafi huo. Inagusa na vimeng'enya vingine. Kwa zebrafishi, ishara ya FGF ikikatwa kabla seli hazijaanza kujipanga, kiinitete kinakua na kichwa lakini kiwiliwili na mkia havitokei. Griffin na wenzake walilionyesha mwaka 1995 kwa kutumia kipokezi kibovu cha FGF.

Ubaya wake ni pesa na friza. U0126 huuzwa kwa miligramu, huyeyushwa kwenye DMSO, kiyeyushi cha maabara, na hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku mzima na friza ikayeyuka, hujui tena una kizuizi cha nguvu gani. Kama chuo hakina jenereta inayowaka yenyewe, fikiria mara mbili. Kundi la ulinganisho nalo lazima liwe na DMSO ya kiasi kilekile, maana DMSO peke yake ikizidi inaua.

Angalia pia mtego mmoja. Lithiamu ya mapema na kizuizi cha MEK vyote vinaweza kukupa kichwa bila mkia. Kwa mbali vinafanana. Ukiweka picha hizo mbili kwenye ripoti bila kueleza, utaulizwa umejuaje kwamba si jambo moja. Jibu ni dirisha la muda: lithiamu iliingia na kutoka kabla jeni hazijaamka, kizuizi cha MEK kiliingia baada ya hapo. Ndiyo maana kujua dakika halisi ya urutubishaji ni muhimu kuliko uzuri wa hadubini, na ndiyo maana samaki wanatofautiana sana kwa kazi hii.

Cha nne, kinasi A, kinakuja baadaye kidogo. Huzuia ishara iitwayo hejihogi, ambayo ndiyo inayopanga misuli ya mgongo na kutenganisha macho mawili. Forskolini huiamsha kinasi A kupita kiasi, na misuli ya samaki ambayo kwa kawaida hupangika kama herufi V inalainika na kuwa kama U. Forskolini yenyewe hutoka kwenye mizizi ya Plectranthus barbatus, mmea ambao Afrika Mashariki watu huupanda kama uzio. Usichemshe mizizi ya uzio ukadhani una forskolini. Utakuwa na supu ya kemikali nyingi na hitimisho la hakuna.

Zebrafishi: mfalme wa vitabu

Sifa zake ni za kweli. Yai lake lina upana wa milimita 0.7 hivi na ni angavu, unaona seli zikigawanyika kama unatazama kupitia kioo. George Streisinger alimwingiza kwenye jenetiki akiwa Oregon, na makala yake ya mwaka 1981 ndiyo iliyomfungulia njia. Mwaka 1995 Kimmel na wenzake waliandika jedwali la hatua za ukuaji linalotumika hadi leo. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2013, na karibu asilimia 70 ya jeni za binadamu zina ndugu zao kwake. Ukitaka kuzima jeni ya kinasi fulani kwa mofolino (kipande bandia kinachoziba RNA ya jeni) au kwa KRISPA (mkasi wa kukata DNA), huyu ndiye samaki, na wengine wawili wasikupotezee muda.

Tatizo ni joto. Majedwali yote yameandikwa kwa nyuzi 28.5. Kwa joto hilo yai hugawanyika mara ya kwanza karibu na dakika ya 45, seli humaliza kulifunika yai saa ya 10, na siku inayofuata una kiinitete chenye moyo unaodunda. Kimmel alitoa kanuni ya kubadili muda: gawanya saa za jedwali kwa (0.055 × joto − 0.57). Kwa nyuzi 25 hesabu inakuambia uzidishe kwa 1.24, yaani ile saa ya 10 inakuwa saa 12 na nusu hivi. Chini ya nyuzi 25 kanuni haifanyi kazi tena, na viinitete vinaanza kuharibika vyenyewe. Sasa fikiria chumba cha maabara jijini Mbeya mwezi Julai, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10. Hita ikizimika saa mbili tu, viinitete vilivyoharibika kwa baridi utavihesabu kama vilivyoharibiwa na kemikali yako.

Halafu kuna karatasi. Kuingiza nchini samaki hai wa kigeni kunahitaji kibali cha Idara ya Uvuvi, na hata ukimpata kwa wauza samaki wa mapambo, hupaswi kumwaga maji yake mtoni. Mito mingi ya Rungwe na Kyela inaishia Ziwa Nyasa, na ziwa hilo lina samaki mamia wasiopatikana kwingine duniani. Kwa bahati lina na jamaa wa zebrafishi: usipa, huyu tunayemnunua mkavu sokoni, anatoka katika familia hiyohiyo ya samaki. Asikushawishi kumfuga, maana akitoka majini hakai.

Kutaga nako kunabana. Jozi moja hutaga mayai mia moja hadi mia mbili au zaidi asubuhi taa zikiwaka. Yanatosha. Lakini hayatoki dakika moja. Ukikusanya baada ya nusu saa una mayai yaliyopishana kwa mgawanyiko mmoja au zaidi.

Kambale: mwenyeji asiyeandikwa sana

Hapa ndipo namtetea. Kambale haachwi atage mwenyewe. Jike hudungwa sindano ya homoni, ya dukani au ya tezi ya pituitari kutoka kwa kambale mwingine mwenye uzito unaolingana, kisha hukamuliwa. Dume hakamuliki, inabidi achinjwe na korodani zitolewe. Mbegu hutunzwa kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, zikiwa zimelala. Unachanganya na mayai yakiwa makavu, halafu unamwaga maji. Maji yakigusa, mbegu huamka na kuogelea kwa muda wa dakika moja hivi, basi.

Maana yake mayai yote yamerutubishwa ndani ya dakika moja, na dakika hiyo umeichagua wewe. Kwa mada ya GSK-3, ambayo dirisha lake ni la saa chache, sifa hii peke yake inanitosha. Gramu moja ya mayai ina mayai karibu 700, na jike la kilo moja linaweza kukupa gramu 100 au zaidi. Unaweza kuwa na ngazi sita za lithiamu, kila moja ikirudiwa mara tano, na bado mwenye kituo cha kutotolesha akabaki na vifaranga vya kuuza.

Joto nalo linakubali kujadiliwa. Kwa nyuzi 30 mayai huanguliwa kwa saa 20 hivi, kwa nyuzi 25 kwa saa 27, na hata kwa nyuzi 20 bado yanaanguliwa, ila huchukua karibu saa 57. Nyuzi 24 ndizo ninazozipenda kwa Mbeya na Iringa, kwa sababu hita ndogo inazifikia na ratiba inakaa vizuri: sindano saa 12 jioni, kukamua saa 12 asubuhi, kuanguliwa siku inayofuata kama saa 5 asubuhi. Kwa nyuzi 20, kutoka sindano hadi kukamua si saa 12 tena, ni 21. Nimeshuhudia mwanafunzi akisimama na beseni lake kwenye kituo kimoja wilayani Rungwe alfajiri ya baridi, akamwambia mwenye kituo, "Shikamoo mzee. Saa zimetimia, tukamue?" Mzee akatia mkono majini. "Marahaba. Bado, mwanangu. Maji yamelala baridi. Ukimminya sasa utatoa damu." Walikamua mchana.

Sasa kasoro. Mayai yana rangi ya kijani-kahawia na kiiniyai chake kinazuia mwanga. Seli za juu utaziona, za ndani hutaziona. Kugawanyika kwa kwanza kunaonekana vizuri ukimulika kutoka juu badala ya chini. Wengi hawajaribu hilo wanabaki kulalamika. Picha zako hazitapendeza kama za zebrafishi, ukubali tu.

Kasoro ya pili ni kunata. Mayai ya kambale yakigusa maji yanashikana na chochote. Watotoleshaji wengine huondoa ulimbo huo kwa tanini, lakini tanini hukaza protini, na mradi wako unahusu protini, kwa hiyo iache. Yageuze yawe faida: tandaza mayai kwenye sahani ya petri yakiwa tabaka moja kabla ya maji, yaache yanate chini. Baada ya hapo unaweza kumimina lithiamu, kumwaga, kusuuza mara tatu, bila yai hata moja kukuponyoka. Kwa zebrafishi kazi hiyohiyo inafanywa kwa pipeti na subira.

Dozi usiinakili. Mola 0.3 kwa dakika 10 ni ya zebrafishi. Yai la kambale ni kubwa zaidi na ganda lake ni tofauti, kwa hiyo panga ngazi: 0.1, 0.2, 0.3, 0.4. Na fuata hatua badala ya saa. Hesabu seli, tazama kofia ya seli ikianza kuteremka juu ya kiiniyai, pima imefika wapi. Jedwali la saa la zebrafishi kwa kambale ni takataka.

Ukihitaji kuthibitisha kwamba ERK imezimwa kweli, kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu na panya kwa kawaida zinaitambua ERK ya samaki pia, kwa sababu sehemu inayogongwa muhuri, asidi amino tatu za treonini-glutamati-tairosini, ni ileile kwa wote. Hilo linamwondolea zebrafishi faida ambayo watu wengi hudhani ni yake peke yake.

Sato, kwa ufupi

Jike la sato huyabeba mayai mdomoni mara tu yanaporutubishwa. Ukimkamata na kumfungua mdomo, unapata mayai mia kadhaa ya njano yenye umbo la peasi, lakini hujui yana saa ngapi. Kwa vimeng'enya vya saa za mwanzo, huo ndio mwisho wa mazungumzo. Kumkamua inawezekana, ila kumkuta jike aliye tayari siku unayotaka ni bahati nasibu, na maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hatagi kabisa. Mayai yenyewe ni mazito, yanataka kuzungushwa na maji kwenye chupa iliyopinduliwa muda wote, la sivyo yanaoza.

Anafaa wapi? Kwa kinasi A na forskolini. Huko unaanza na viinitete vya siku ya pili, umri wake unaupima kwa kuhesabu vipande vya misuli, na anaanguliwa siku ya nne au ya tano kwa nyuzi 28, kwa hiyo hukimbizani na saa. Kwa watu wa Kyela, jihadharini kumhamishia sato sehemu asipokuwepo. Ziwa Nyasa lina perege wake wa asili, na hao wanatosha kwa kazi hiyohiyo.

Uko wapi?

Kyela, karibu mita 500 tu juu ya bahari, ni nchi nyingine. Maji yako yanakaa kwenye nyuzi ambazo kambale anazipenda bila hita, na zebrafishi angeishi pia. Ukiwa hapo na una GSK-3, chukua kambale, acha kufikiri sana. Kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kipo hapohapo Kyela. Nenda ukaongee nao kabla ya kuandika pendekezo.

Jijini Mbeya, Iringa na Tukuyu chaguo linategemea mwezi. Miradi ya muhula wa pili huangukia kipupwe, wakati kambale wa mabwawani wana mayai machache na mabovu. Kwa asili kambale huzaa na mvua. Anayeweza afanye majaribio kati ya Novemba na Aprili, aandike baadaye. Asiyeweza awe na majike waliotunzwa ndani kwenye maji ya vuguvugu, la sivyo zebrafishi mwenye hita mbili, moja ya akiba, atakuwa salama zaidi. Kumbuka pia kwamba kwa mwinuko wa Mbeya shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani, kwa hiyo hata oksijeni inayoingia majini imepungua kwa kiasi hicho. Usirundike viinitete: 30 kwa sahani panatosha.

Njombe na Makete, kambale ni mapambano. Mito ya baridi ya nyanda hizi iliwahi kupandikizwa trauti wakati wa Waingereza, na ukimpata, mayai yake yanataka nyuzi 10 hivi na huchukua karibu mwezi kuanguliwa. Wengi huona huo ni upotevu wa muda. Mimi naona ni nafasi: kinachopita kwa dakika 15 kwa zebrafishi, kwa trauti kinachukua saa kadhaa, na mtu anayejifunza kubadili mmumunyo hafukuzwi na saa. Yai lake, la milimita 4 hadi 5, unaliona bila hadubini. Yafunike tu yasipigwe na mwanga mkali, yanakufa.

Mambo ya kumaliza kabla ya sindano

Maji ya bomba yana klorini. Yaweke kwenye ndoo wazi na pampu ya hewa kuanzia jana yake. Kwa zebrafishi tengeneza maji ya viinitete kwa chumvi nne za kawaida: za sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Kwa kambale maji ya kituo alikozaliwa mama ni bora kuliko ya chuoni, kwa hiyo beba dumu.

Zungumza bei na mwenye kituo mapema, na useme wazi kwamba dume atachinjwa. Kwa kawaida nyama inabaki kwake. Muulize pia kama majike yake yamewahi kukamuliwa mwezi huo. Aliyekamuliwa karibuni hatakupa kitu.

Sitisha jaribio kabla samaki wachanga hawajaanza kujilisha wenyewe. Sheria za Ulaya za wanyama wa maabara huanza kuwahesabu hapo, na kamati nyingi za maadili hufuata mstari huohuo, kwa hiyo pendekezo lako litapita kirahisi.

Mabaki ya lithiamu yasimwagwe kwenye sinki wala kwenye shimo la nyuma ya maabara. Kusanya kwenye dumu lenye maandishi, na mwambie mtunza stoo aliandike kwenye orodha ya mabaki ya kemikali yanayoshughulikiwa kwa taratibu za Mkemia Mkuu wa Serikali. Lita mbili hutazijaza kwa mradi mzima, hata ukirudia ngazi zote.